Tanuru la Mama Mukabera

Jumatatu, 1 Machi 1999

Daftari hili nililinunua la vipimo vya mabati. Lakini mke wangu Kaltumu anasema mdomo wangu siku hizi umekuwa pilipili, na ni afadhali niyamwage maneno kwenye karatasi kuliko kichwani mwake. Haya basi. Mimi ni Faradji, fundi bati wa Gisenyi. Karakana yangu iko nyuma ya msikiti, na ua wake nagawana na Siméon seremala, mtu anayeogopa hata mlio wa nyundo yake mwenyewe. Ufundi niliupata Kigoma, na Kiswahili changu pia, na vyote viwili watu wa mji huu wanavitesa.

Leo imeletwa karavani, nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari. Wazungu wa misaada waliiacha nyuma kambi za wakimbizi zilipofungwa, na sasa ni mali ya Rutagengwa, mfanyabiashara wa viazi anayekaa Nengo, hapa hapa mjini. Ndani inanuka panya na dawa ya vidonda. Rutagengwa anataka tuifanye nyumba ya mama yake, akaishi juu Mudende kwenye shamba la marehemu baba yake, maana nyumba ya zamani ilichomwa ikabaki mawe. Mudende ni baridi ya kukata masikio, na kikongwe ana kifua. Ndani ya karavani kuna tanuru la kupasha joto lililokuwa likila gesi. Gesi huku nani anayo? Natakiwa nilibadilishe litumie makaa, kisha nilifunge ndani ya sanduku lisiloweza kuchoma nyumba.

"Fundi, nataka mama yangu alale joto usiku muzima," Rutagengwa aliniambia, mkono kifuani. "Asisikie baridi hata kidogo. Mama ni moja tu."

Nilimpenda papo hapo. Siku hizi vijana wanawaacha mama zao kwa majirani kama mwavuli uliosahauliwa, na huyu anamjengea wake nyumba yenye joto.

Jumatano, 3 Machi

Kikongwe mwenyewe amekuja kukagua. Jina lake Mukabera. Mfupi, mweusi, jicho moja lina ukungu, na la pili linafanya kazi ya mawili. Alikaa juu ya mabati yangu bila kuombwa, akatazama karavani kwa muda mrefu.

"Hii ni nyumba ao ni kopo?" aliuliza. "Mi nitalala mule sawa sardini ya Maroc?"

Siméon alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia mama, shuka kwenye bati, linapinda.

"Bati haipinde kwa sababu yangu. Imepindwa na mikono yako," akajibu.

Mzee gani huyu.

Ijumaa, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mukabera amekuja tena. Amesema bomba langu limekaa kama shingo ya bata mgonjwa.

Jumatatu, 8 Machi

Leo nimeanza sanduku. Niandike vizuri, kwa sababu ni kazi ambayo sijawahi kuona mtu akiifanya hapa.

Kuta za karavani ni mbao nyembamba kama biskuti, katikati sponji. Cheche moja na yote inakwenda. Kwa hiyo tanuru nimelizungushia mabati mawili, moja ndani ya jingine, na kati yake nafasi ya vidole vinne niliyoijaza changarawe nyeusi ya volkano, ile isiyopitisha joto upesi. Juu ya paa, bomba la moshi linatoka ndani ya kola ya bati, lisiguse mbao popote. Chini nimetoboa sakafu tundu la upana wa kopo la maziwa, chini ya mlango wa makaa, ili moto uvute pumzi ya nje na usile hewa ya mtu aliyelala. Makaa hayana moshi, ndiyo hila yake. Kuni zikikuua zinakukohoza kwanza.

Mlango wa kutilia makaa nilitaka uwe nje, ukutani, ili ndani kubaki bati la moto tu. Siméon alinisifu, jambo ambalo si kawaida yake. Rutagengwa alipofika akatikisa kichwa.

"Donc mama atoke inje na mvua, saa saba ya usiku, kutia makaa? Apana, fundi. Mulango iwe ndani."

Nikamweleza. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema mlango uwe ndani. Anayemlipa mpiga zumari ndiye anayechagua wimbo. Nimeuweka ndani, wenye komeo zito. Siméon amenuna kama aliyeibiwa.

Alhamisi, 11 Machi

Mvua. Mukabera amekalia bati lile lile. Amelipinda kweli.

Jumatano, 17 Machi

Jaribio. Niliubandika mshumaa kwenye ukuta wa mbao nyuma ya sanduku, nikawasha makaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mshumaa haukulainika hata ncha. Nikaweka kiganja changu juu ya sanduku, nikahesabu mpaka mia. Vuguvugu, kama mgongo wa paka. Nikamwita Kaltumu aje kuona. Alisema ni vizuri, akarudi kwenye maharage yake. Mwanamke huyu nikijenga mnara atauliza utaanikwa nini.

Mukabera aliingia akakaa kitandani, akanyoosha miguu mbele ya tanuru. Alifumba jicho lake zima, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Faradji, mikono yako si mubaya sana." Sijui kwa nini nimefurahi hivi. Nina miaka hamsini na mbili.

Jumapili, 28 Machi

Idi ya kuchinja. Mukabera alikuja bila kualikwa, rozari shingoni, akala nyama nyingi kuliko wajukuu zangu. Alimwambia Kaltumu kwamba alizaliwa Mudende, akaolewa Mudende, kisha yeye na mumewe wakakimbilia Masisi, ng'ambo ya mpaka, na ng'ombe kumi na mbili, akarudi na fimbo tupu. Alisema mwanawe amemwahidi atakaa kule juu mwezi mmoja tu, mpaka viazi vipandwe, kisha atarudi Nengo kwenye chumba chake. Mke wa Rutagengwa, alisema, anapenda nyumba iliyonyamaza.

"Nami nikiwamo, nyumba hainyamaze," akaongeza, akaomba maini.

Jumatano, 31 Machi

Nilivuka kwenda Goma kutafuta kofia ya bomba. Nikirudi, pale Grande Barrière, kwenye kizuizi cha mpaka, foleni ilikuwa ndefu, na mbele yangu kulikuwa na Rutagengwa akiongea na mwenzake wa viazi. Hakuniona.

"Shamba bila mutu juu yake, batu ya serikali batalikata bapatie bengine," alikuwa akisema. "Mi naweka mama pale. Nani atamutoa mama-muzee juu ya udongo ya bwana yake?"

"Na akikufa?" mwenzake akauliza.

"Akikufa, atazikwa pale pale. Kaburi njo papier ya mwisho ya shamba."

Wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka, maana lilikuwa limesemwa vizuri. Nilifika nyumbani ndipo nikaelewa nilichokicheka. Mwezi mmoja, alisema mzee. Nilikuwa nimemwita huyu mtu mwana mwema, tena kwa wino.

Kaltumu anasema nimwambie mama wa watu. Nimwambie nini? Kwamba mwanawe anampanda kama mche wa mpaka? Mambo ya ndani ya nyumba ya mtu hayana fundi.

Jumatano, 7 Aprili

Wiki ya maombolezo ya waliouawa miaka mitano iliyopita. Hatukugonga nyundo. Mukabera hakuja.

Jumatatu, 12 Aprili

Balaa. Jana mbuzi wanne walikutwa wamekufa kwenye bonde dogo karibu na mpaka, hawana jeraha, ndimi nje. Mazuku. Sisi tuliozaliwa kwenye mawe haya ya volkano hatuhitaji kuelezwa: ni hewa mbaya inayotoka ardhini, haina harufu, inalala chini kwenye mabonde ikingoja mwenye pua fupi. Kaka yangu alizika mtoto wake wa miaka mitatu kwa sababu hiyo, hatua ishirini kutoka mlangoni.

Mukabera amesikia. Alikuja asubuhi, akapiga magoti kwa shida mbele ya sanduku langu, akaingiza mkono kwenye tundu la sakafu mpaka kwenye kiwiko.

"Na hii?" akauliza.

"Hiyo ni pua ya tanuru, mama. Bila hiyo moto unakula hewa yako."

"Ni pua ya mazuku. Pale shambani karavani itasimama mu bonde, upepo isiangushe. Mi nitalala, nayo itapanda hapa. Ashwi da! Siendi."

Rutagengwa alikuwa amesimama mlangoni. Sura yake sikuwahi kuiona ile.

"Mama, lori inapanda tarehe makumi mbili. Ukikataa tanuru, nitakuwekea mbabula ya makaa katikati ya nyumba, njo utachagua."

"Niue tu hapa hapa, ni karibu na soko," akasema mzee. Akajifunika kitenge mpaka kidevuni.

Mbabula! Jiko la wazi, ndani ya kopo lile, na mwenye kifua. Kiburi chote cha sanduku langu kingekuwa bure.

Ijumaa, 16 Aprili

Nimepata dawa. Nimetengeneza kifuniko cha bati cha tundu la chini, chenye bawaba, kinasukumwa kwa mguu ili mzee asiiname. Kinaingia tiki, hata mchwa hapiti. Amri yake ni moja: moto ukiwaka, kifuniko wazi, moto ukizimika, funga ulale, mazuku wagonge sakafu mpaka wachoke.

Nilimwomba Siméon anitobolee mbao za bawaba. Alikataa. Miaka tisa tunagawana ua, hajawahi kukataa kitu.

"Kitu inapumua, we unaifunga pua?"

"Ukizimika tu, Siméon. Hata mbuzi anaelewa."

"Na nani atamuambia makaa imekufa? Makaa inalala mu majivu sawa nyoka. Mi siweke mukono pale."

Nilimwita mwoga, tena mbele ya wateja. Nikamwambia arudi kwenye majeneza yake, ndiyo kazi isiyolalamikiwa. Mbao nimetoboa mwenyewe.

Mukabera alikibonyeza kifuniko kwa kidole cha mguu mara kumi. Tak, wazi. Tak, kimefungwa. Akacheka kama msichana. Akanishika ndevu na kunibariki kwa Kinyarwanda. Ni mara ya kwanza tangu mama yangu afe mtu kunishika uso hivyo.

Jumanne, 20 Aprili

Tumepanda Mudende. Matope mpaka kwenye ekseli. Karavani imewekwa bondeni, kama mzee alivyosema, kati ya shamba la viazi na mawe ya nyumba iliyochomwa. Baridi inatoka ardhini na kupanda kwenye suruali.

Pale kuna mjane anaitwa Verediane, binamu wa mbali wa Rutagengwa, analima sehemu ya chini kwa huruma yake. Ndiye atakayemletea mzee maziwa kila asubuhi. Mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mikono ya kiume, maneno machache.

Tulipomaliza, Rutagengwa alifungua magurudumu yote mawili, akayatupa ndani ya lori.

"Magurudumu unapeleka wapi?" mama yake akauliza kutoka dirishani.

"Bezi bataiba, mama."

Mzee alinitazama mimi, si yeye. Lile jicho zima. Nilijifanya nakaza kofia ya bomba.

Jumatano, 28 Aprili

Nilipanda kukagua kazi, hivyo ndivyo nilivyomwambia Kaltumu. Mzee yu mzima. Ndani kuna joto zuri, chai inachemka kwenye mlango wa makaa. Nikamuuliza kuhusu kifuniko.

"Nafunga kila usiku," akasema kwa kujivuna. "Mi njo sisahau."

"Moto ukizimika?"

"Ukizimika. Mi si mutoto."

Nikapekua kwa chuma majivu ya usiku aliyoyamwaga nje. Yalikuwa meusi, yamekufa. Nikaridhika.

Nilipoaga, alinishika mkono wa shati. "Faradji, we utaniambia kweli. Atakuya kunichukua lini?"

Nikasema, "Mvua ikiisha, mama."

Jumapili, 2 Mei

Mvua. Kwangu kunavuja, nyumba ya fundi bati.

Jumapili, 9 Mei

Mvua ya mawe. Mji wote umekuwa mweupe kwa robo saa, na mawingu yamekaa upande wa Mudende hayatoki. Nimemfikiria mzee. Angalau ana joto.

Jumanne, 11 Mei

Leo nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Saa nane mchana Rutagengwa alikuja na gari karakanani, akasema nichukue tindo. Verediane aligonga asubuhi na maziwa, mlango umefungwa kwa ndani, kimya. Akafikiri mzee amelala. Akarudi adhuhuri, kimya. Akatuma mtu mjini. Njia nzima Rutagengwa alisema jambo moja tu, kwamba kitasa cha karavani ni cha Wazungu na nisikiharibu.

Nilivunja komeo. Wakati huo huo Rutagengwa aliitwa na wazee wa mlimani waliokuwa wamesimama kwenye mvua, wakaanza kumpa mkono. Nikaingia peke yangu.

Alikuwa kitini, si kitandani. Alikisogeza kiti mpaka mbele ya tanuru, blanketi mabegani, miguuni soksi mbili mbili. Mlango wa makaa ulikuwa wazi kabisa. Aliufungua apate joto la mwisho. Uso wake ulikuwa na wekundu, kama aliyetoka kupigwa na jua. Ukimtazama haraka ungesema ana afya. Na chini, kwenye sakafu, kifuniko changu kilikuwa kimefungwa. Tiki. Hata mchwa asingepita.

Nilichukua chuma nikachokonoa majivu. Juu yalikuwa meusi. Chini, siku nzima baadaye, kulikuwa na kaa moja jekundu linanikodolea.

Nilielewa lote kwa mara moja. Baridi ya mawe ya juzi ilimshinda, akajaza makaa mengi. Usiku moto ukajifunika majivu, yeye akaona umekufa. Akafunga tundu, kama nilivyomfundisha. Moto ukakosa pumzi ya nje, bomba likapoa, na ile sumu isiyo na moshi ikarudi ndani kupitia mlango wazi na kujaa kopo lile, lisilo na ufa, kwa sababu mimi mwenyewe niliziba nyufa zote. Miezi miwili nilipigana na moto. Ukuta haukuungua. Mshumaa ungekuwa mzima mpaka leo.

Nikasikia viatu vya Rutagengwa kwenye ngazi. Mguu wangu ulitangulia akili yangu. Nilikibonyeza kifuniko. Tak. Kikafunguka.

Yeye akaingia, akamtazama mama yake, akaangalia chini, akaona tundu wazi.

"Alisahau kufunga," akasema. "Mazuku."

Nikaokota tindo langu, nikatoka nje.

Jumatano, 12 Mei

Amezikwa shambani, hatua kumi kutoka karavani. Wazee wa mlimani walisimama kuzunguka shimo, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema kuhusu mazuku. Mwanamke mmoja alisema Mukabera alikuwa mtu wa kiburi, hasikii akiambiwa, angefunga kitundu asingekufa. Wengine wakaitika. Mzee aliyetii amri yangu kila usiku, na kaburini anasimangwa kwa ukaidi.

Rutagengwa alilia. Nilimtazama kwa makini nione kama ni uongo. Haukuwa uongo. Alilia kweli, kisha akahesabu kwa hatua kutoka kaburini mpaka kwenye mpaka wa shamba, midomo ikitembea.

Alhamisi, 13 Mei

Sikufanya kazi.

Jumapili, 16 Mei

Siméon ameniuliza mara moja tu: "Kifuniko ilikuwa wazi ao ilikuwa imefungwa?"

Nikamwambia wazi. Akachukua randa yake akaendelea na kazi. Hajanisemesha tena. Nilimwita mwoga mtu pekee katika kazi nzima aliyesema hapana.

Jumatatu, 17 Mei

Rutagengwa amekuja karakanani, kitambaa cheusi mkononi. Anasema shamba haliwezi kukaa bila mtu. Kuanzia jana Verediane amehamia ndani ya karavani. Ametakiwa alale humo kila siku, awashe tanuru, na afunge tundu mapema. "Nimemuambia, angalia mama alivyokufa, usicheze na kifuniko." Alitaka nimtengenezee kingine kizito zaidi, chenye mpira pembeni.

Nimemwambia nitatengeneza. Ulimi wangu ulisema hivyo, wenyewe. Nimeingia ndani nikatapika. Kaltumu akanikuta, nikamweleza kila kitu, nikiwa nimepiga magoti juu ya ndoo.

Hakunifariji. "Ulipofungua kile kifuniko kwa mguu," alisema, "ulimwandikia yule mjane kifo." Akanipa maji. "Mficha uchi hazai, Faradji. Nenda."

Jumanne, 18 Mei

Nimekwenda ghalani kwa Rutagengwa, katikati ya magunia ya viazi, nikamwambia. Kwamba haikuwa mazuku. Kwamba kifuniko kilikuwa kimefungwa na mimi nilikifungua. Kwamba sanduku langu ndilo lililomuua mama yake, na litamuua Verediane siku yoyote ya baridi. Nilikuwa tayari anipige. Nilitamani anipige.

Alifunga mlango wa ghala. Alikaa juu ya gunia, mikono kati ya magoti, na nikafikiri sasa ndipo atakuwa mwana.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu."

"Bon. Tuache vile." Akajipangusa uso. "Sikia, fundi. Mazuku haina kesi. Ukisema ni sanduku, polisi batakuya kuandika, bataziba shamba mpaka kesi iishe. Na kesi hapa inaisha lini? Mama alikufa juu ya hii shamba. Unataka afe bure?"

"Na Verediane?"

"Verediane ana nguvu. Si muzee."

"Sumu hii haichagui mzee."

"Nitamuambia atie makaa kidogo." Akasimama, akafungua mlango. "Na we pumuzika, muzee Faradji. Macho yako imekuwa mubaya."

Alhamisi, 20 Mei

Nimepanda Mudende kwa miguu, tangu sala ya alfajiri, na nyundo na tindo ndani ya gunia. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kudumu. Verediane alikuwa anaota joto mlangoni pa karavani, ndani moto unawaka. Nilimwambia yote, taratibu, kama nilivyomwambia Rutagengwa, bila kujitetea.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, kwa huruma.

"Patron alishatuma mutu. Alisema muzee Faradji atakuya, kichwa yake imeharibika tangu kifo ya mama. Alisema nikupe chai."

"Binti yangu, fungua hata dirisha tu."

"Mazuku aingie?" Akanionyesha sakafuni. Tundu halikuonekana tena. Juu ya kifuniko alikuwa ameshindilia udongo na mavi ya ng'ombe, akausawazisha vizuri kwa kiganja. Alama za vidole zilikuwa bado mbichi. Jana usiku hakujaza makaa mengi, alisema, ila kichwa kilimuuma kidogo alfajiri. Baridi tu.

Nikaona hakuna neno lililobaki mdomoni mwangu linaloaminika. Nilikuwa nimeyatumia yote.

Nikaingia. Nilimwaga maji ya birika na ndoo nzima ndani ya tanuru, mvuke ukajaa. Nikang'oa bomba. Nikapiga bawaba za mlango wa makaa mpaka zikakatika, nikapiga sanduku, bati la kwanza na la pili, changarawe ikamwagika sakafuni kama mtama. Kazi niliyoifanya kwa wiki sita ilivunjika kabla ya nusu saa. Kisha nikapiga madirisha yote mawili, plastiki ya Wazungu, haipasuki upesi, nikayapiga mpaka yakatoka na fremu zake, ili hata akileta mbabula humo ndani upepo upite. Verediane alikuwa akipiga mayowe nyuma yangu, ananivuta shati, analia. Alikuwa amelala siku nne tu katika nyumba yenye joto, siku nne katika maisha yake yote.

"Baridi itaniua! We njo muchawi! We njo ulimuua mama!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndiyo, mimi."

Akaliachia shati langu. Kisha nikashuka ngazi na gunia langu, nikapita kando ya kaburi, mvua ikinipiga usoni. Nilikuwa nimefika kwenye njia ya mawe aliponirushia la kwanza. Likapita. La pili lilinipata begani, karibu na shingo, nikaanguka goti moja. Lilikuwa jiwe kubwa, na alikuwa mbali, na alilirusha kwa nguvu zote za mwanamke mzima anayepumua. Nikasimama nikaendelea kushuka, na nyuma nilimsikia bado anatukana, sauti yake imejaa kifua.